Maswali ya Wasomaji: Steringi Anakufa, na Aliyemuua ni Wewe

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu gemu za kutisha zile ambazo wewe ndo unaamua nani apone nani afe. Gemu inayotajwa sana ni Until Dawn, iliyotengenezwa na Supermassive Games ya Guildford, Uingereza, ikatoka 2015 kwenye PS4, alafu Oktoba 2024 ikatengenezwa upya kwa PS5 na kompyuta. Vijana wanane wanaenda kulala kwenye nyumba ya mlimani huko Kanada, theluji imefunga njia, na mchezaji anawashika wote wanane kwa zamu mpaka alfajiri. Kama hujaicheza na hutaki kujua yaliyomo, ruka barua mbili za kwanza, ya mama wa Ilazo na ya mwisho.

*Kaka habari za kazi. Mimi na mdogo wangu tuko Kondoa tunacheza Until Dawn. Tumefika pale Emily kang'atwa na dude linalowawinda, wenzake wamejifungia chini wanaogopa atageuka kuwa lile dude, Mike kamnyooshea bastola. Dogo akasema mpige, nikampiga. Muda si mrefu Ashley akasoma lile daftari kumbe kung'atwa hakumgeuzi mtu. Tangu siku hiyo dogo kagoma, anasema tufute tuanze upya. Nifute?*
Kaka Mtu, Kondoa

Salama kaka. Usifute, na naomba umwambie mdogo wako hivyo hivyo.

Hiyo sehemu mliyofika ndo gemu yenyewe. Tazama jinsi ilivyopangwa: hakuna dude mle chumbani, hakuna anayewakimbiza, mlango umefungwa, kuna binti tu amejeruhiwa analia anaomba asiuawe, na kuna nyie na hofu yenu. Mkishusha bastola hakuna kinachotokea, Emily anabaki hai, basi. Watunzi walijua mchezaji ameshaona filamu nyingi za mazombi na anajua aking'atwa mtu amekwisha, kwa hiyo wakauacha huo ujuzi wenu wa filamu uwadanganye, na daftari likawekwa msome baada ya risasi. Dogo amekasirika kwa sababu inauma, na inauma kwa sababu hakuna wa kumlaumu humo ndani. Gemu ya kawaida ukikosea unaanza tena palepale, kosa linafutika, hata hulikumbuki kesho.

Ndo maana Until Dawn inasevu yenyewe, juu ya ileile ya mwanzo, hakuna kurudi hatua moja nyuma. Nendeni nayo hivyohivyo mpaka jua lichomoze. Mkimaliza, gemu itawafungulia chapta moja moja, mtarudi kwenye ile mnayotaka mkaone ingekuwaje, na hapo hata dogo atafurahi kwa sababu atakuwa na safari ya kwanza ya kulinganisha nayo. Ukifuta leo utamwokoa Emily kwa kuwa umeshaona jibu, na hiyo haina ladha.

Alafu kuna kitu labda hamkukiona. Kama Chris wenu alifunguliwa mlango alipokuwa anakimbia kurudi kwenye nyumba, mkumbuke usiku uleule yeye na Ashley walifungwa pamoja kwenye ule mtego wa misumeno, akapewa bastola achague nani afe. Aliyemlenga Ashley alidhani yamekwisha maana bastola haikuwa na risasi za kweli, wote wakatoka wazima. Hayakuisha. Ashley anakumbuka, na Chris akifika mlangoni anapiga kelele afunguliwe, Ashley anasimama upande wa pili wa kioo anamtazama tu. Hakuna aliyekuonya, hakuna alama nyekundu iliyowaka, ni binti ambaye masaa mawili nyuma ulichagua yeye ndo afe. Mimi kwenye gemu zote za kutisha sijaona kitu kinachonisisimua kuliko huo mlango.

*Mambo vipi kaka. Nasoma UDOM, chumbani tumegawanyika. Rumeti wangu anasema haya machaguo ni changa la macho, ukichagua kushoto au kulia unafika palepale, mimi nasema kila kitu kinabadilika. Nani yuko sahihi? Tumeshawekeana chipsi kuku.*
Mdau wa hosteli, UDOM

Poa mdau. Mgawane hiyo sahani, kila mmoja ana nusu, na acha nieleze vizuri maana hapa ndo watu wanazitukana hizi gemu bila kuelewa zinavyofanya kazi.

Chukua kalamu. Chaguo moja la ndiyo au hapana linazaa njia mbili. La pili linazaa nne. Ukiwa na machaguo 10 tu yasiyokutana tena una njia 1,024, ukifika 20 umepita milioni moja. Until Dawn imeigizwa na watu halisi, nyuso zao na miili yao imerekodiwa, Rami Malek yupo humo kama Josh, Hayden Panettiere ni Sam, sasa niambie studio gani itawalipa waigizaji wacheze hadithi milioni. Haiwezekani. Kwa hiyo kila mtunzi wa hizi gemu anafanya kitu kimoja, anazitenganisha njia alafu anazikutanisha mbele. Ukitoka Dodoma kwenda Dar unaweza kushika Kibaigwa na Gairo, au ukazunguka Mtera mpaka Iringa ukashuka Mikumi, ni safari mbili tofauti kabisa, vumbi tofauti, mlima tofauti, ila zote mbili zitakupitisha Morogoro. Hizo gemu zina Morogoro zake nyingi tu.

Mfano, pale mwanzo kabisa dada wawili mapacha, Hannah na Beth, wanadondoka kwenye genge, na hata ufanyeje kwenye yale machaguo ya mwanzo huwaokoi. Hapo rumeti wako ana pointi. Na zaidi ya hapo, Sam na Mike hawawezi kufa kabla ya chapta ya mwisho, ya 10. Utamrusha Mike, utamkata vidole, atatoka tu. Ule msemo wa kibanda umiza kwamba steringi hafi, kwa hao wawili unafanya kazi karibu gemu nzima, na kwangu huo ndo udhaifu wake maana ukishajua, sehemu zao zinapoa.

Ila sasa njoo upande wako. Kinachobadilika ni nani amefika Morogoro, amekuja na nini mkononi, na nani anamchukia nani. Gemu inaweka kumbukumbu ndogondogo nyuma ya pazia: amepewa bastola ya fataki au hajapewa, amefyatua au bado anayo, amemsema vibaya mwenzake au amenyamaza. Matt akija kukutana na lile dude mgodini hana ile fataki, hana cha kujitetea. Mwanzoni kabisa Chris anafanya mazoezi ya kulenga shabaha, anatokea kijimnyama mdogo kama kindi, unaweza ukampiga kwa kujifurahisha, na ukimpiga ndege anamvamia Sam muda uleule anamkwaruza uso. Watu wengi wanaona hiyo ni kitu kidogo, mimi naona ni mwalimu, gemu inakuambia mapema kabisa kwamba humu hakuna risasi ya bure.

Kwa hiyo usihesabu miisho. The Quarry, ya haohao Supermassive, ya 2022, ilitangazwa kuwa ina miisho 186, na mtu akisikia hivyo anadhani kuna filamu 186. Hapana, ni mchanganyiko wa nani kapona nani kafa na nani kaumia. Ukitaka kupima kama chaguo ni la kweli jiulize swali moja tu, je kuna mtu baadaye atanitazama tofauti kwa nilichofanya? Kama ndiyo, hilo ni chaguo hata kama njia imerudi palepale.

*Kaka shikamoo. Nina kibanda cha gemu Nkuhungu, pedi mbili mbili, watu wanalipia nusu saa nusu saa, karibu wote mpira. Kuna vijana wanaomba niweke hizi za kutisha. Zitalipa kweli? Mtu mmoja anacheza wengine wanaangalia, si nitakula hasara.*
Mwenye kibanda, Nkuhungu

Marahaba kijana wangu. Zinalipa kama utaziuza tofauti na mpira. Until Dawn ni ndefu, inakula masaa nane mpaka kumi, kwa nusu saa nusu saa mtu hata hajafika kwenye kitisho chenyewe. Anza na zile fupi za Dark Pictures, mfululizo wa haohao Supermassive: Man of Medan ya 2019, Little Hope ya 2020, House of Ashes ya 2021, The Devil in Me ya 2022. Hizo ukichagua kucheza kwa kupokezana mnaingia mpaka watu watano na pedi moja, kila mtu anaandika jina lake na kuchukua mhusika wake, alafu gemu yenyewe inasimama inaita jina la anayefuata. Pedi inazunguka mkono kwa mkono. Hapo usiuze nusu saa, uza jioni nzima kwa kundi, wachangie, kiti kina bei yake. Na watakaokuja kuangalia ni wengi kuliko wanaocheza, maana ugomvi wa "umemwacha mwenzio afe makusudi" unavuta watu kutoka barabarani, kwa hiyo soda zako na karanga ziwe karibu.

Anza na House of Ashes. Ni wanajeshi wa Marekani na wa Iraki, mwaka 2003, wanadumbukia kwenye hekalu la kale chini ya ardhi wanakuta kitu, na maadui wanalazimika kusaidiana. Ina ngazi za ugumu, weka ya chini, kwa sababu kuna sehemu unaambiwa bonyeza kitufe haraka na mtu ambaye mkono wake umezoea kupiga pasi atamuua mhusika wake kwa kuchelewa tu, akasusa.

Lugha ndo kikwazo. Kiswahili hakimo. Tafuta kijana mmoja mwenye Kiingereza kizuri na mdomo mwepesi akae pembeni atafsiri papohapo, kama watu walivyozoea filamu za vibandani. Ila awe mwepesi kweli kwa sababu machaguo mengine yana muda, na ukikaa kimya muda ukaisha gemu inahesabu kwamba umechagua kunyamaza. Nimeona kundi likimpoteza mtu kwa sababu mtafsiri alikuwa bado anaeleza chaguo la kwanza.

Na nikuombe kitu kwa moyo wote: hizi ni gemu za watu wazima. Usiziwashe mchana watoto wa shule wakiwa wamejaa mlangoni. Zianze usiku, pazia lishushwe, na uwe na akaunti ya kila kundi kwenye mashine yako ili kundi la leo lisije kusevu juu ya la jana.

*Mwanangu habari za huko. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ilazo. Mkubwa ana miaka 13, shangazi yake kamletea PS toka Dar na humo kuna gemu inaitwa Until Dawn. Usiku haendi chooni peke yake, anamwamsha mdogo wake. Baba yake anasema ni gemu tu ataacha mwenyewe. Nimnyang'anye?*
Mama wawili, Ilazo

Shikamoo mama. Mnyang'anye hiyo gemu, mashine mwachie.

Baba yake nampa heshima yake, lakini hii siyo gemu ya miaka 13. Kuna watu wanakatwa, kuna kichwa kinang'olewa, kuna mtego wa msumeno ambapo mtoto wako ndo anaambiwa achague nani akatwe. Filamu ya kutisha mtoto anafumba macho, inapita. Hapa hawezi kufumba macho kwa sababu akifumba, mtu anakufa na aliyefumba ni yeye. Mtu mzima anajua kubeba hicho kitu na kukiweka chini akizima TV, mtoto anaenda nacho chooni.

Sasa jinsi ya kumnyang'anya. Usimwambie "hii ni mambo ya mashetani," akienda kwa wenzake wakamcheka atarudi kuicheza kwa siri. Kaa naye, muulize nani alikufa kwenye gemu yake. Muache asimulie mpaka mwisho. Mara nyingi kuna mhusika mmoja amemuua kwa bahati mbaya na ndo anayemkosesha usingizi, akishamtaja mbele ya mama yake mzigo unapungua. Alafu mwambie ukifika umri wako utaimaliza, na uwe unamaanisha. Kwenye mashine unaweza kumtengenezea akaunti ya mtoto ukaweka ukomo wa umri, gemu za miaka 18 zikagoma kufunguka bila ruhusa yako, na mipangilio hiyo ukaifunga kwa namba yako ya siri. Hiyo namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote humo ndani, watoto wanajaribu.

*Umeme ukikatika katikati ya chapta inakuwaje? LUKU yetu inaisha vibaya.*
Mpwapwa

Utarudi nyuma kidogo tu, gemu inasevu yenyewe mara kwa mara. Kitu cha kuogopa ni umeme kukatika wakati ile alama ya kusevu inazunguka kwenye kona, hapo faili linaweza kuharibika. Kwa hiyo nunua uniti kabla hujakaa chini. Na kwa kuwa umeniandikia nikupe na hili: pale gemu inapokuambia usitikisike, pedi inapima mtikisiko wa mikono yako kweli, siyo utani. Iweke mezani, uiachie kabisa. Wengine wanasema ni kuiba, mimi naona ukishikwa na dude mbele ya uso chochote kinachokuokoa ni halali.

*Habari kaka. Mimi ni binti wa Chamwino, napenda kuandika hadithi za kutisha. Nataka nitengeneze ya kuchagua kama hizi ila ya Kiswahili, ya huku kwetu. Sijui kuandika kodi za kompyuta, nina laptop ya zamani na simu. Naanzia wapi? Na niandike kitisho gani maana nikiandika mazimwi ya theluji watu watanicheka.*
Binti mwandishi, Chamwino

Dada yangu, barua yako niliisoma nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Upande wa kifaa ni rahisi kuliko unavyodhani. Tafuta Twine, ni ya bure, ilianzishwa na Chris Klimas 2009, laptop ya zamani inaibeba bila shida kwa sababu ni maandishi tu. Unaandika kipande cha hadithi kwenye kisanduku, maneno ambayo msomaji atabonyeza unayazungushia mabano mraba mawili kila upande, na kisanduku kipya kinatokea chenyewe kimeunganishwa kwa mshale. Ukitaka hadithi ikumbuke kitu unakipa jina lenye alama ya dola mbele, tuseme $taa, unaiambia msichana amebeba taa au hajabeba, na huko mbele unauliza. Ukimaliza unapata faili moja linalofunguka kwenye simu ya mtu yeyote hata bila bando. Unamtumia mwenzako kwa WhatsApp anacheza.

Usianze na machaguo hamsini. Anza na usiku mmoja, watu watatu, na kumbukumbu tatu tu: nani ana taa, nani alidanganya, nani aliachwa nyuma. Zikutanishe njia mapema, mdau wa UDOM hapo juu nimemweleza kwa nini. Nguvu zako zote ziweke kwenye mtu mmoja anayekumbuka alichofanyiwa.

Kuhusu kitisho chenyewe, hapa nataka tukae kidogo. Lile dude la Until Dawn linaitwa wendigo, halikubuniwa na studio, ni imani ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, watu kama Wakrii na Waojibwe, na mzizi wake ni njaa. Baridi kali, chakula kimeisha, na hofu ya binadamu kumla mwenzake. Hata ndani ya gemu chanzo ni wachimbaji wa 1952 walionaswa mgodini wakafikia kulana. Na wapo wengi waliolalamika kwamba watu wa nje wanalichukua wendigo wanaligeuza dude tu la kukimbiza watu bila kuheshimu wenyewe, na mimi nakubaliana nao.

Sasa wewe uko Ugogo. Njaa huhitaji kuiazima Kanada. Kuna njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya wakubwa ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuchukua ng'ombe na nafaka na watu wa kubeba mizigo, alafu mvua ikagoma. Wagogo waliokufa ni wengi sana, familia zilitawanyika, watoto walipelekwa kwa watu wengine ili wapate kula. Humo kuna machaguo ambayo hakuna gemu imewahi kuyaandika: debe moja la mtama na milango miwili inayogongwa. Unamfungulia nani? Na yule uliyemwacha nje, au mjukuu wake, anakuja kurudi kwenye hadithi yako mwaka gani?

Ila usiandike kabla hujauliza. Nenda kwa wazee wa ukoo wenu, wasalimie, kaa chini, waambie unaandika nini na kwa nini, uliza waliachiwa simulizi gani na bibi zao. Watakachokukataza kukiweka, kiache. Majina ya koo za kweli usiyatumie, badilisha. Dude usiliharakishe pia, kurasa za mwanzo ziwe za kawaida kabisa, mbuzi wanarudi, upepo wa jioni unapuliza vumbi jekundu mlangoni, mtoto anaulizia chakula kwa mara ya pili.

Ukifika visanduku kumi na tano simama. Mpe simu mtu ambaye hapendi kusoma, kaa pembeni yake usimwelekeze chochote, angalia tu kidole chake kinasita wapi kabla ya kubonyeza. Pale kinaposita ndo chaguo lako la kweli lilipo, mengine punguza. Alafu nitumie hilo faili hapa kwenye gazeti, nitalicheza mwenyewe na tutalizungumzia kwenye safu hii.